Jicho Lililotokeza na Kile Kilicho Nyuma Yake

Jicho la mwanadamu linapotokeza kupita kiasi, wanaomzunguka mwenye jicho hilo huliangalia jicho lenyewe, ilhali mara nyingi jicho halina kasoro yoyote na tatizo limejificha nyuma yake, mahali ambapo hakuna awezaye kupaona bila vyombo. Mazungumzo haya yanahusu hali hiyo, ambayo madaktari huiita proptosisi, au eksoftalmosi pale inapotokana na ugonjwa wa tezi ya shingoni, na yanakusudia kumweleza msikilizaji kinacholisukuma jicho mbele na muda alio nao mgonjwa kabla ya kupatwa na madhara yasiyorekebishika. Muda ndio kiini cha suala lote, kwa sababu yako macho yanayotokeza kwa miaka bila kumpotezea mtu nuru, na yako yanayotokeza asubuhi na kupofuka kabla ya jua kuchwa, na tofauti kati ya hayo mawili inaweza kutambuliwa hata na mtu asiyesomea udaktari, almradi ajue la kutazama.

Kila jicho limekaa ndani ya pango la mfupa lenye umbo la koni, lililoundwa na mifupa saba iliyoungana, lenye mdomo mpana mbele na ncha nyembamba nyuma, na ujazo wake kwa mtu mzima ni takriban mililita 30. Jicho lenyewe, ambalo kipenyo chake ni karibu milimita 24, huchukua kiasi cha mililita 7 tu za nafasi hiyo. Sehemu iliyobaki imejaa mafuta laini, misuli sita inayoligeuza jicho huku na huko, tezi ya machozi, mishipa ya damu, na neva ya kuonea, yaani mshipa mnene wa fahamu unaopeleka habari za mwanga kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Kwa kuwa kuta za pango hilo ni mfupa usiotanuka, na upande wa mbele ndio pekee ulio wazi, kitu chochote kinachoongezeka ndani yake, kiwe damu, usaha, uvimbe au misuli iliyonenepa, hakina njia nyingine isipokuwa kulisukuma jicho nje. Kutokeza huko, pamoja na ubaya wa sura yake, kwa kiasi fulani hulipunguzia pango shinikizo. Ndiyo maana mgonjwa ambaye jicho lake halikusogea sana, huku kilicho ndani kikiendelea kuongezeka, anaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko yule ambaye jicho lake limetoka waziwazi, kwa kuwa shinikizo lote huielemea neva ya kuonea na mishipa midogo ya damu inayoilisha.

Hata hivyo, si kila jicho linaloonekana kubwa limetokeza. Wanadamu hutofautiana kwa maumbile, na wako watu wa ukoo mmoja wenye macho yaliyojaa tangu utotoni bila ugonjwa wowote. Madaktari hupima umbali kutoka ukingo wa nje wa mfupa wa pango hadi kilele cha konea, ambayo ni kioo angavu cha mbele ya jicho, kwa kutumia kifaa kilichobuniwa na Mjerumani Ernst Hertel mwaka 1905, na kifaa hicho kingali kinatumika katika kliniki za macho hadi leo. Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa vipimo vya Wazungu huweka mpaka wa kawaida kwenye milimita 20 au 21, lakini watu wenye asili ya Kiafrika kwa wastani wana macho yaliyokaa mbele zaidi, kiasi kwamba milimita 22 au 23 huweza kuwa kipimo cha kawaida kabisa kwao, na daktari anayewahudumia Waafrika hana budi kulikumbuka hilo ili asimtie mtu mzima ugonjwa asiokuwa nao. Lenye maana zaidi kuliko tarakimu moja ni mabadiliko, pamoja na tofauti kati ya jicho moja na jingine, kwani tofauti inayozidi milimita 2 haipaswi kupuuzwa kwa mtu wa asili yoyote. Kwa sababu hiyo picha za zamani, hata ile ya kitambulisho au ya harusi, ni msaada mkubwa kwa daktari. Akizilinganisha na sura iliyo mbele yake anaweza kujua kama hali imeanza miezi michache iliyopita au ilikuwako siku zote. Nyumbani, ndugu anaweza kusimama nyuma ya mgonjwa aliyeketi, akamwinamisha kichwa nyuma taratibu na kutazama kutoka juu ya paji la uso, na hapo jicho lililotangulia mbele ya mwenzake huonekana kwa urahisi kuliko likitazamwa ana kwa ana.

Yapo pia macho yanayodanganya. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa kuona mbali huwa na jicho refu kwenda nyuma na mbele, hivyo huonekana limetoka. Mtoto aliyezaliwa na presha ya jicho, yaani ongezeko la shinikizo la majimaji ndani ya jicho lenyewe, hukuza jicho kubwa lenye konea pana na yenye ukungu, naye huhitaji upasuaji wa haraka ingawa pango lake halina kitu. Kuna wengine ambao kope zao, yaani ngozi zinazofunika jicho, zimevutwa nyuma hata weupe wa jicho ukaonekana juu ya mboni, wakaonekana kama watu walioshtuka, na hali hiyo ya mwisho huuelekeza uchunguzi kwenye tezi ya shingoni.

Tezi hiyo, inayojulikana kwa jina la thairoidi, hukaa mbele ya koo na kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya kazi za mwili mzima, kuanzia mapigo ya moyo hadi joto la ngozi. Kwa watu wazima, ugonjwa wa tezi hii ndio chanzo kinachoongoza cha macho kutokeza, iwe ni macho yote mawili au hata jicho moja peke yake. Tabibu wa Uajemi, al-Jurjani, aliutaja uhusiano wa rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, na macho yaliyotokeza mapema katika karne ya 12. Robert Graves, daktari wa Dublin nchini Ayalandi, aliueleza kutokana na wagonjwa wake mwaka 1835, na Karl von Basedow wa mji wa Merseburg nchini Ujerumani akauandikia mwaka 1840, akitaja mambo matatu yanayoandamana, yaani rovu, moyo kwenda mbio na macho kutokeza. Ndiyo maana sehemu moja ya dunia huuita ugonjwa wa Graves na nyingine huuita ugonjwa wa Basedow.

Kinachotokea ni kwamba mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kuushambulia uambukizo, hutengeneza kingamwili zinazojishika kwenye tezi na kuiamuru izalishe homoni bila kikomo. Kingamwili hizohizo hukuta vipokeo vya namna ileile kwenye seli zilizomo ndani ya pango la jicho, na seli hizo zikichochewa huzalisha mafuta na kemikali inayovuta maji, misuli ya jicho ikavimba mara mbili au tatu ya unene wake, na jicho likasukumwa mbele. Hivyo mgonjwa aweza kukonda ingawa anakula vizuri, akatoka jasho wakati wenzake wanaona baridi, mikono ikamtetemeka na usingizi ukampungua, huku macho yakiwasha, yakitoa machozi upepo unapovuma, yakiwa mekundu kwenye pembe, na kope zikivimba hasa anapoamka asubuhi. Wanawake hupatwa na ugonjwa huu mara kadhaa zaidi ya wanaume, ingawa wanaume na wazee wakipatwa, macho yao huelekea kuumia zaidi. Ni muhimu pia kutenganisha jambo hili na rovu linalotokana na upungufu wa madini ya joto, ambalo lilikuwa la kawaida katika nyanda za juu kabla ya chumvi yenye madini hayo kuenea. Rovu hilo huweza kuwa kubwa sana bila kuyagusa macho, na mtu mwenye ugonjwa wa Graves asidhani kwamba kuongeza chumvi hiyo ndiyo dawa yake.

Jambo linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa kuliko mengine yote kuhusu ugonjwa huu ni uvutaji wa sigara. Sigara humwongezea mgonjwa wa tezi uwezekano wa kudhurika macho, huyazidisha madhara yaliyokwisha kuanza na hupunguza nguvu ya dawa anazopewa, na katika mambo yote yaliyo ndani ya uwezo wa mgonjwa mwenyewe hakuna lenye faida inayokaribia ile ya kuacha sigara. Daktari anayeandika dawa ghali bila kumuuliza mgonjwa wake kama anavuta amefanya nusu ya kazi.

Matibabu yana pande mbili, na kosa linalotokea mara nyingi ni kuushughulikia upande mmoja tu. Upande wa tezi, damu hupimwa ili kujua kiwango cha homoni, na mgonjwa huanzishiwa dawa kama kabimazoli, inayopunguza uzalishaji wake, pamoja na dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Anayemeza kabimazoli anapaswa kuelezwa tangu siku ya kwanza kwamba akipata homa na koo kuuma asiyachukulie kuwa mafua ya kawaida, bali aiache dawa na kwenda kupimwa chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo, kwa sababu kwa wagonjwa wachache dawa hii huziangusha chembe hizo hadi kiwango cha hatari. Tiba ya aidini yenye mionzi, ambayo huiunguza tezi kutoka ndani, ni nzuri kwa wengi, lakini inaweza kuyazidisha macho yaliyo katika kipindi cha moto, na kwa hiyo daktari wa macho ashauriwe kabla haijatolewa. Upande wa macho, ugonjwa huwaka kwa kipindi cha kati ya miezi sita na miaka miwili, kisha hutulia ukiacha makovu. Wakati unawaka, steroidi za kudungwa mshipani huweza kupunguza uvimbe, machozi ya bandia huilinda konea isikauke, na kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa hupunguza uvimbe wa asubuhi. Ukishatulia ndipo upasuaji wa kurekebisha hufanyika kwa utaratibu unaojulikana, kwanza kupanua pango kwa kuondoa sehemu ya ukuta wake wa mfupa, kisha misuli, na mwisho kope. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mpya iitwayo teprotumumabu, ambayo hulirudisha jicho nyuma bila kisu kwa wagonjwa wengi, lakini bei yake iko mbali mno na uwezo wa hospitali nyingi za Afrika, na baadhi ya waliotumia wamepungukiwa uwezo wa kusikia.

Ndani ya ugonjwa huu unaokwenda polepole mna milango miwili ya dharura. Wa kwanza ni pale misuli iliyovimba inapoibana neva ya kuonea kwenye ncha ya pango, na dalili yake ya mapema ni rangi kufifia. Nguo nyekundu huonekana imechujuka kwa jicho moja kuliko jingine, kisha ukungu hutanda katikati ya mtazamo. Wa pili ni pale jicho linaposhindwa kufumba kabisa usingizini, konea ikakauka na kupata kidonda, na mgonjwa akasikia maumivu makali, mwanga ukamuumiza, na doa jeupe likajitokeza kwenye kioo cha jicho. Yeyote mwenye dalili hizi asisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Jicho moja linapotokeza ghafla, hesabu ya muda hubadilika kutoka miezi hadi saa. Mtu aliyepigwa usoni au kuanguka na pikipiki anaweza kuvuja damu nyuma ya jicho, na pango likajaa kwa dakika chache. Jicho huwa gumu likiguswa juu ya kope, huuma, halisogei, na nuru hufifia. Hapo neva ya kuonea haina zaidi ya saa moja na nusu au mbili hivi za kuvumilia kukosa damu, na daktari wa zamu anayejua kuikata kano ya pembe ya nje ya kope ili kulipa jicho nafasi anaweza kuokoa nuru kabla hata ya picha yoyote kupigwa. Hatua hiyo ndogo haihitaji daktari bingwa, na ni wajibu kila daktari wa chumba cha dharura katika hospitali za wilaya afundishwe, kwani majeruhi wa bodaboda hufika hapo kwanza. Wapo wengine ambao, siku au wiki chache baada ya jeraha la kichwa, jicho huwa jekundu, likatokeza na kupwita sawasawa na mapigo ya moyo, na mgonjwa akasikia mvumo kichwani. Hao wana tundu kati ya ateri kubwa na vena nyuma ya jicho, na wanahitaji rufaa ya haraka.

Kwa mtoto, hatari ya saa chache mara nyingi hutoka puani. Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, na ukuta unaovitenga baadhi yake na pango la jicho ni mwembamba kama karatasi, kiasi kwamba mafua yaliyogeuka kuwa usaha ndani ya vyumba hivyo huweza kuupenya. Mtoto hushikwa na homa, kope zikavimba na kuwa nyekundu, jicho likatokeza, na kila anapojaribu kuligeuza hulia kwa maumivu. Kope iliyovimba peke yake, jicho likiwa linasogea bila shida na nuru ikiwa safi, mara nyingi ni maambukizi ya ngozi ya juu, lakini likishatokeza au likishindwa kugeuka, maambukizi yako ndani, na kutoka hapo njia ya kwenda kwenye ubongo ni fupi. Mtoto wa namna hii hulazwa siku hiyohiyo na kuchomwa antibiotiki mshipani. Vidonge vya duka la dawa na kitambaa cha maji moto havina nafasi hapa. Mtoto mwenye selimundu naye huweza kupata hali inayofanana sana na hii pale mfupa wa pango unapokosa damu wakati wa maumivu yake makali, na wazazi wake waitaje selimundu mara tu wanapofika mapokezi.

Vyanzo vya polepole kwa watu wazima ni vingi, na vingi vyake si saratani, kama uvimbe wa mishipa ya damu, uvimbe wa utando wa ubongo unaoingia kwenye pango, au sainasi iliyoziba na kujaa ute kwa miaka. Katika eneo la Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako watu huishi karibu sana na mbwa na mifugo, vifuko vya minyoo ya tegu ya mbwa, ambavyo kwa kawaida hukaa kwenye ini na mapafu, mara chache hukutwa hata nyuma ya jicho. Kwa watu wenye virusi vya ukimwi, saratani ya ngozi laini inayofunika weupe wa jicho imekuwa tatizo kubwa Afrika Mashariki. Huanza kama kinyama kidogo pembeni mwa mboni, na ikikatwa mapema hupona, lakini ikiachwa huingia ndani ya pango na kulisukuma jicho. Kwa hawa wote, hatua ya kwanza ni uchunguzi wa daktari wa macho na picha ya CT au MRI, na wiki mbili au tatu za kupanga safari ya kwenda hospitali kama KCMC mjini Moshi, CCBRT jijini Dar es Salaam, Kikuyu nchini Kenya au Ruharo mjini Mbarara, Uganda, hazitamdhuru mgonjwa ambaye nuru yake ni safi na maumivu hana. Kinachodhuru ni miezi inayopotea kwa matone. Jicho lililotokeza halina tone linalolirudisha nyuma, na matone yenye steroidi yanayonunuliwa bila cheti, kwa kuwa huondoa wekundu kwa siku chache na kuleta matumaini, yanaweza yakitumiwa muda mrefu kuzusha presha ya jicho na kuongeza upofu juu ya tatizo lililokuwapo. Dawa za majani zinazokamuliwa jichoni huichoma konea. Si haki, hata hivyo, kuwalaumu wagonjwa peke yao. Wengi wao walikwenda kwenye zahanati wiki ya kwanza, wakapewa matone hapo, wakaambiwa warudi yakiisha.

Ni kwa watoto ndipo ucheleweshaji huu unapogharimu uhai wenyewe, na hapa Afrika Mashariki ina historia yake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ayalandi, Denis Burkitt, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amepoteza jicho moja kwa ajali akiwa mtoto wa miaka 11, alianza kuwatazama kwa makini watoto wenye uvimbe wa taya uliokuwa ukikua kwa kasi ya kutisha, na baadhi yao macho yao yalikuwa yamesukumwa nje. Aliuandikia mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kwa wiki kumi kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali mahali uvimbe huo ulipoonekana na mahali usipoonekana, na ramani aliyoipata iliufungamanisha na nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliochunguza jijini London vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Kampala, waliona ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr, na hivyo vikawa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo inafahamika kwamba malaria ya mara kwa mara humdhoofisha mtoto asiweze kuvidhibiti virusi hivyo.

Seli za limfoma ya Burkitt huongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili, na kwa hiyo mtoto wa miaka mitano au saba aliyekuwa mzima mwezi uliopita anaweza kufika akiwa na jicho lililotoka, meno yaliyolegea na tumbo lililovimba. Kasi hiyo hiyo ndiyo inayoufanya ugonjwa huu usikie dawa. Saratani inayogawanyika haraka hushambuliwa vizuri na dawa za saratani za mshipani, na Burkitt mwenyewe alishuhudia uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache baada ya kuzitumia. Mzazi anayeona jicho la mtoto limetokeza pamoja na taya kuvimba ana habari njema na mbaya kwa pamoja, kwa sababu tiba ipo na hufanya kazi, ila kila wiki inayopita humpunguzia mtoto nafasi ya kuipata akiwa na nguvu za kuistahimili.

Saratani nyingine, iitwayo retinoblastoma, huanzia ndani ya jicho lenyewe, kwenye retina, yaani pazia la nyuma linalopokea mwanga, na huwapata watoto wadogo, wengi wao wakiwa chini ya miaka mitano. Kwa ugonjwa huu kutokeza kwa jicho si dalili ya kwanza bali ni ya kuchelewa, ikionyesha kwamba saratani imekwisha kulipasua jicho na kuingia kwenye pango. Miezi mingi kabla ya hapo, mboni ya mtoto huwa imeanza kung'aa nyeupe taa inapomwangazia jioni, au katika picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga mkali jicho moja huonekana jekundu kama kawaida na jingine jeupe, au mtoto huanza kuwa na makengeza yasiyokuwapo. Kwa kuwa weupe huo hufanana na mtoto wa jicho, wazazi huambiwa wasubiri mtoto akue ndipo afanyiwe upasuaji, na neno hilo la kusubiri limewaua wengi. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya habari za watoto 4,351 waliogunduliwa mwaka 2017 katika nchi 153, ulionyesha kwamba katika nchi tajiri umri wa kati wa kugunduliwa ulikuwa miezi 14 hivi, ilhali katika nchi maskini ulikuwa miezi zaidi ya 30. Na katika tofauti hiyo ya mwaka mmoja na miezi kadhaa ndimo jicho linamotoka nje na saratani inamofika kwenye ubongo. Mtoto yeyote mwenye mboni nyeupe, wa umri wowote hata kama ni wa siku chache, anastahili kuonwa na daktari wa macho wiki hiyohiyo, na wauguzi wa kliniki za chanjo, ambao huwaona karibu watoto wote wa nchi, wangeweza kuziona nyingi za mboni hizi kwa tochi ndogo kama wangepewa jukumu hilo rasmi.

Familia nyingi hukimbia hospitali pale daktari anaposema jicho litolewe, na hofu hiyo inastahili kusikilizwa kwa heshima, kwani hakuna mzazi anayeliridhia jambo hilo kwa wepesi. Lakini jicho lililojaa saratani kwa kawaida halioni tena, na likitolewa kabla ugonjwa haujatoka nje yake, mtoto huweza kupona kabisa, akawekewa jicho la bandia linalofanana na lake, akaenda shule na wenzake. Ndiyo maana katika nchi ambako ugonjwa huu hugunduliwa mapema, watoto zaidi ya 95 katika kila 100 huishi. Kinachobaki kufanywa baada ya hapo mara nyingi husahaulika, nacho ni kuwapima ndugu zake. Retinoblastoma hutokana na kasoro katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 13, na kwa baadhi ya familia kasoro hiyo hurithiwa, hasa pale mtoto alipougua macho yote mawili au mzazi aliwahi kuugua utotoni. Mama aliyemleta mtoto mmoja kwa matibabu na ana kichanga kingine mgongoni aombe, kabla hajaondoka hospitalini, kichanga hicho nacho kitiwe dawa ya kupanua mboni na kuchunguzwa retina zote mbili, na apewe tarehe ya kurudi kwa uchunguzi unaofuata, hata kama siku hiyo macho yake yameonekana safi.